Ohmu za spika kwenye amplifaya ya betri: 4, 8 au 16?

Amplifaya inayokula volti 12 moja kwa moja haiwezi kutoa wati 1000 za sauti, hata kama boksi lake limeandikwa hivyo kwa herufi nyekundu. Hesabu yake ni fupi. Chukua volti za kilele zinazofika kwenye spika, zizidishe zenyewe kwa zenyewe, kisha gawanya kwa mara mbili ya ohmu za spika (ohmu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme). Kwenye aisi (IC, kipande kidogo chenye saketi ya amplifaya) ya kawaida, ile ambayo waya mmoja wa spika unarudi kwenye negativu, sauti ina nafasi ya kupanda volti 6 na kushuka volti 6. Toa volti 1 inayopotea ndani ya aisi kila upande, zinabaki 5. Kwa spika ya ohmu 4 ni 25 gawanya kwa 8, yaani wati 3 na ushee. Basi.

Aisi za briji, kama zilizomo kwenye redio za magari, zina amplifaya mbili kwa kila spika: moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Hapo kilele kinafika kama volti 10, na spika ileile ya ohmu 4 inapata 100 gawanya kwa 8, yaani wati 12.5. Injini ikiwa inaunguruma na chaji imefika volti 14.4, unaweza kupata kama wati 19. Yale maandishi ya "4 x 50W" kwenye uso wa redio yanapatikana sauti ikiwa imeshaharibika kabisa. PMPO (wati za kilele zinazodaiwa) iliyoandikwa kwenye boksi ni namba ya kuuzia tu, usiipigie hesabu yoyote.

Kwa hiyo anayetaka sauti kubwa kutoka kwenye betri, awe na gari la matangazo linalozunguka Majengo na Chang'ombe za Dodoma au kanisa la kijijini Chamwino lisilo na umeme, ana njia tatu. Ashushe ohmu za spika ili betri itoe ampea nyingi zaidi. Atumie amplifaya inayopandisha volti ndani yake. Au atafute spika inayogeuza wati chache kuwa sauti nyingi. Wengi hukimbilia njia ya kwanza kwa sababu ni ya bure: unaongeza spika ya pili kwenye waya uleule, sauti inaongezeka kidogo, na wiki moja baadaye aisi imeungua. Kabla ya kuuliza spika ni ya ohmu ngapi, uliza amplifaya yenyewe ni ya aina gani, maana ohmu zilezile zinaiua moja na kuiacha nyingine salama.

Amplifaya isiyo na transfoma ya kutokea

Aina hii ni redio za magari, bodi ndogo za bluetooth, na amplifaya za kuchezea zinazouzwa kwenye maduka ya vipuri vya redio. Spika inaunganishwa moja kwa moja na aisi. Hapa ohmu zikipungua nusu, ampea zinaongezeka mara mbili, na joto nalo mara mbili. Aisi ya briji ya volti 12 inayotumia ohmu 4 inaweza kutupa hadi wati 7.3 za joto kwa kila chaneli. Ukiiwekea ohmu 2 zinakuwa 14.6. Bati la kupoozea lililotoka kiwandani lilikatwa kwa ajili ya zile 7.3, na mwezi wa Novemba, wakati bati la gari la matangazo linachoma mkono saa nane mchana, hata hizo linazibeba kwa shida.

Unachopata kwa kuumia hivyo ni desibeli 3. Sikio la mtu linahitaji kama desibeli 10 ndipo liseme sauti imekuwa kubwa mara mbili. Desibeli 3 ni tofauti unayoisikia ukiwa umesimama palepale unalinganisha. Mteja anayepita upande wa pili wa barabara haitambui.

Kwenye aisi zisizo za briji kuna jambo jingine ambalo halionekani hadi upige hesabu. Spika inapitia kapasita kubwa, kwa kawaida mikrofaradi 1000 au 2200, inayozuia umeme wa moja kwa moja usiingie kwenye koili. Kapasita ya 1000 na spika ya ohmu 8 huanza kukata besi kwenye hezi 20. Ukiweka ohmu 4 inakata kwenye 40. Ukiweka ohmu 2 inakata kwenye 80. Ndiyo maana mtu akiongeza spika za besi kwa kuzipanga sambamba, besi inakauka badala ya kuongezeka, na lawama zote zinapewa spika. Dawa ni kuongeza kapasita kwa kiasi kilekile ulichopunguza ohmu: 1000 iwe 2200.

Kwenye briji hakuna kapasita hiyo, na hakuna waya wa spika ulio negativu ya gari. Nyaya zote mbili zina kama volti 6 kila moja hata redio ikiwa kimya. Redio nyingi za magari hutumia rangi zilezile: nyeupe, kijivu, kijani na zambarau, kila moja ikiwa na mwenzake mwenye mstari mweusi. Ule wenye mstari mweusi si "ethi", yaani negativu ya gari. Ukiufunga kwenye bodi ya gari, au ukikusanya minusi (negativu) nne za spika kwenye waya mmoja ili kuokoa waya, unachoma chaneli. Fundi wa zamani aliyezoea redio za kaseti zenye waya mmoja wa kurudi hufanya kosa hili kwa moyo mweupe kabisa.

Amplifaya kubwa za gari zenye matundu ya kuunganisha chaneli mbili kuwa moja zina sharti lao. Zikiunganishwa hivyo, kila chaneli inaona nusu ya ohmu za spika. Spika ya ohmu 4 inakuwa 2 kwa kila upande. Kama kitabu chake kinasema "ohmu 2 kwa chaneli", basi ukiziunganisha usishuke chini ya 4.

Zile bodi za kijani

Bodi zenye aisi ya TPA3116 zimejaa kila mahali, na zinastahili sifa kwa mtu wa betri: hupoteza umeme kidogo sana kuwa joto, tofauti na aisi za kawaida zinazopoteza karibu nusu. Inakubali volti 4.5 hadi 26. Wati 50 kwa chaneli zinazotajwa zinapatikana kwa volti 21 na spika ya ohmu 4, si kwa volti 12. Kwa betri moja tegemea kumi na kitu kwa kila upande.

Watu wakishajua hilo huunga betri mbili kwa mfuatano wapate volti 24. Wazo si baya, ila kwa volti 24 tumia spika za ohmu 8. Utapata kama wati 30 kila upande na bodi itatulia. Ukiweka ohmu 4, kinga ya ndani inaweza kuanza kukata sauti kwenye vilele vya besi. Kisha kuna tatizo la chaji. Betri mbili za asidi zilizopumzika na zikiwa zimejaa zina karibu volti 25.4, ambazo zimeshasogelea mpaka. Sola ikianza kuzichaji zinafika 28.8. Bodi hiyo usiiwashe wakati wa kuchaji, na usiiache imefungwa kwenye betri ukategemea swichi ya bluetooth kuwa imezimwa.

Bodi ndogo kabisa ya PAM8403 ni ya volti 5. Inatoa hadi wati 3 kwa spika ya ohmu 4. Ukiiunga kwenye volti 12 inakufa papo hapo, na pato lake ni la briji vilevile, kwa hiyo minusi zake nazo hazikusanywi.

Amplifaya yenye transfoma: skrubu 4, 8, 16

Sasa ile ya mikutano. Amplifaya ya sanduku, yenye tundu la maiki mbele na nyuma safu ya skrubu zilizoandikwa COM (ya waya wa kurudi), 4, 8, 16 na mara nyingi 100V, pamoja na mahali pa kufunga betri ya volti 12. Ndani ina transfoma nzito inayopandisha volti kabla hazijafika kwenye spika. Kwa amplifaya ya wati 60, skrubu ya 4 hutoa hadi volti 15.5, ya 8 hutoa 22, na ya 16 hutoa 31. Ukifunga mzigo (yaani spika zote kwa pamoja) wa ohmu 16 kwenye skrubu ya 16, au wa ohmu 4 kwenye skrubu ya 4, transista zinaona kitu kilekile na betri inatoa ampea zilezile. Kwa hiyo kwenye aina hii, ohmu ndogo hazikupi sauti zaidi wala hazili betri zaidi, mradi umechagua skrubu inayolingana.

Kanuni ya kukumbuka: ohmu za mzigo wako ziwe sawa na namba ya skrubu au zaidi. Zisiwe pungufu. Mzigo wa ohmu 16 kwenye skrubu ya 4 haudhuru kitu. Utapata wati 15 tu badala ya 60. Mzigo wa ohmu 4 kwenye skrubu ya 16 unaidai amplifaya wati 240, na haina. Transista zinapata moto, fyuzi inakatika kama una bahati.

Unit (kichwa kinachotoa sauti) nyingi za honi, zile spika za tarumbeta, ni za ohmu 16. Nyingine ni 8. Soma kibandiko cha nyuma, na kama kimeshafutwa na jua, pima kwa namna itakayoelezwa mbele. Mahesabu ya honi za ohmu 16 zilizofungwa sambamba, yaani pozitivu zote pamoja na minusi zote pamoja, ni kugawanya 16 kwa idadi. Honi mbili ni 8, tumia skrubu ya 8. Honi nne ni 4, tumia skrubu ya 4. Honi tatu ni 5.3, na hapa watu hukosea kwa kuchagua 8 kwa kuwa "iko karibu zaidi juu". Chagua 4. Amplifaya ya wati 60 itatoa 45 na kila honi itapata 15, ambazo ni nyingi kwa honi.

Honi tano zinakupa 3.2, na hakuna skrubu ya 3.2. Mwenye honi sita azifunge mbilimbili kwa mfuatano kwanza: pozitivu ya honi ya kwanza inatoka kwenye amplifaya, minusi yake inaingia kwenye pozitivu ya pili, na minusi ya pili inarudi. Kila jozi inakuwa ohmu 32. Jozi tatu ukizifunga sambamba zinakuwa 10.7, na hizo zinakaa vizuri kwenye skrubu ya 8. Kila honi inapata wati 7.5. Ubaya wa mfuatano ni kwamba honi moja ikikata koili, mwenzake naye ananyamaza, lakini angalau dalili hiyo inakuonyesha jozi ya kufungua.

Kuchanganya honi na boksi kwenye skrubu moja hakuna faida. Honi ya 16 na boksi la 8 sambamba ni 5.3, boksi linachukua theluthi mbili za wati zote na bado honi ndiyo itakayosikika, kwa sababu inayofuata.

Kwa nini honi

Honi nzuri hutoa desibeli 105 hadi 110 ukiipa wati 1 na kupima umbali wa mita 1. Boksi la kawaida hutoa 88 hadi 92. Chukua honi ya 108 na boksi la 90: tofauti ya desibeli 18, ambayo kwa wati ni mara 63. Honi inayopewa wati 5 inalifunika boksi linalopewa 300. Kwa mtu anayechomeka kwenye TANESCO hii ni habari ya kawaida. Kwa mwenye betri inamaliza mjadala. Kwenye mnada wa Msalato siku ya Jumamosi, kukiwa na upepo, ng'ombe na mashine za pikipiki, sauti ya maneno iko katikati ya hezi 300 na 4000, na huko ndiko honi inakofanya kazi.

Isichokiweza ni besi. Chini ya hezi 300 honi haibani tena hewa mbele ya kiwambo chake, kwa hiyo kiwambo kinacheza huru, kinapiga ukingo na kupasuka. Ukipiga rekodi ya ngoma ya muheme au muziki wa harusi kwa nguvu kupitia honi, unakiua kwa besi ambayo hata husikii. Kinga yake ni rahisi: kapasita moja kwa mfuatano na kila honi. Kwa honi ya ohmu 16 weka mikrofaradi 33, kwa ya ohmu 8 weka 68. Iwe isiyo na pozitivu na negativu. Ukikosa hiyo, chukua kapasita mbili za kawaida za 68 zenye uvumilivu wa volti 63, unganisha negativu kwa negativu, na tumia ncha mbili za pozitivu, zinakuwa 34. Lehemu vizuri, vika mpira wa plasta, na uiweke mbali na jua.

Laini ya volti 100

Kanisa au msikiti wenye honi mbali na amplifaya, au kijiji kinachotaka honi nne kwenye nguzo nne, una adui mwingine: waya. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75, ule mwembamba wa pacha unaouzwa kwa mita, una karibu ohmu 0.048 kwa kila mita ya kwenda na kurudi. Kwa mita 30 hiyo ni ohmu 1.4. Ukiwa na mzigo wa ohmu 4 mwishoni, spika inapata asilimia 54 tu ya wati ilizotakiwa kupata. Mzigo ukiwa ohmu 16, unapata 84. Ndiyo sababu, ukiwa na uchaguzi, beba ohmu kubwa mbali na ohmu ndogo karibu. Kama lazima iwe ohmu 4 kwa mita 30, nunua waya wa 2.5, hapo unafika asilimia 81 au 82. Angalia pia usiuziwe alumini iliyopakwa shaba. Kwangua ncha kwa wembe: ikitokea rangi ya fedha chini ya wekundu, ohmu za waya huo ni zaidi kwa kama nusu.

Kwa mita 200 mambo ya ohmu 4 hayawezekani kabisa. Waya wa 0.75 una ohmu 9.6, na kati ya wati 60, zinazofika ni 5. Hapo ndipo skrubu ya 100V inapopata kazi. Kila honi inafungwa transfoma yake ndogo yenye viunganisho vya wati, kwa mfano 5, 10, 15 na 30. Zote zinafungwa sambamba kwenye waya mmoja mrefu, na hesabu haihusu ohmu tena: jumlisha wati ulizochagua. Zisizidi wati za amplifaya, na ni busara kubakiza sehemu ya tano. Kwa amplifaya ya 60, honi nne zilizowekwa kwenye wati 10 ni 40, vizuri. Hata ukizijaza hadi 60, laini nzima ni sawa na mzigo wa ohmu 167, na ule waya mwembamba wa mita 200 unakula asilimia 11 tu.

Tahadhari mbili. Honi ya ohmu 16 isiyo na transfoma usiifunge kwenye laini ya 100V. Itadai wati 625, na itakayotangulia kufa kati yake na amplifaya ni bahati nasibu. Pia volti 100 zinapiga. Zima amplifaya kabla ya kushika waya, na viungio vya nje vifunikwe, hasa Desemba mvua zikianza kunyesha juu ya vumbi lililojaa kwenye plasta zilizolegea.

Kupima kwa mita

Weka multimita kwenye ohmu 200. Gusanisha ncha zake kwanza, ikisoma 0.3, utatoa 0.3 kwenye kila kipimo. Spika ya ohmu 4 itasoma 3.2 hadi 3.6, ya ohmu 8 itasoma 6 hadi 7, ya ohmu 16 itasoma 12 hadi 14. Mita inapima waya wa koili tu kwa umeme uliotulia, wakati namba ya kibandiko inahesabu pia mwenendo wake sauti inapopita, ndiyo maana mita husoma chini kidogo. Spika iliyoandikwa 8 ikisoma 4, koili yake imeshaungua na nyuzi zimegusana. Usiiweke tena kwenye amplifaya kwa sababu "bado inalia".

Pima tena baada ya kufunga zote, kwenye ncha za waya upande wa amplifaya, kabla ya kuziingiza kwenye skrubu. Honi mbili za 16 sambamba zisome 6 hadi 7, pamoja na chochote cha waya. Ikisoma 13, moja haijashika. Ikisoma karibu na sifuri, kuna unyuzi uliogusana mahali. Lakini kama umeweka kapasita za kinga, mita haitasoma kitu, kwa hiyo pima kabla ya kuzifunga, au gusa nyuma ya kapasita. Vilevile mita ya kawaida haiwezi kukuambia ukweli kuhusu laini ya 100V. Transfoma itasoma ohmu chache kuliko za hesabu na utaogopa bure.

Kwa spika za karatasi zilizo mbili kwenye boksi moja, pima pia mwelekeo. Gusa betri kavu ya volti 1.5 kwa sekunde moja: karatasi itoke mbele pozitivu ikiwa juu ya pozitivu. Mbili zikiwa kinyume, besi inafutana, na hakuna ohmu zitakazoirudisha.

Betri, fyuzi na sauti inayokatika

Amplifaya ya wati 60 ya aina ya zamani hula kama ampea 9 ukiipa mlio mfululizo wa nguvu zote. Hotuba ina vituo na mihemo; wastani wake huwa ampea 2 hadi 4. Betri ya gari ya ukubwa wa N70 ina kama ampea-saa 65 hadi 70, na betri ya gari haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo hesabu 33. Kwa wastani wa ampea 3 una saa 11. Muziki mfululizo unaweza kukata muda huo katikati. Fyuzi ya ampea 15 ikae karibu kabisa na ncha ya betri, si kwenye amplifaya, kwa sababu kinacholindwa ni ule waya uliopita chini ya zulia la gari. Usichukue umeme kwenye tundu la mzigo la kontrola ya sola ya ampea 10; kilele cha sauti kitaizima, na nyingi zao huingiza mlio kwenye maiki.

Betri inaposhuka, watu huongeza sauti ili kufidia. Sauti inaanza kukwaruza kwa sababu vilele vinakatwa bapa, na mawimbi yaliyokatwa yana nguvu nyingi zaidi kuliko yaliyo safi. Koili nyingi huungua saa hizo za mwisho za mkutano, si mwanzoni. Betri ikifika volti 11.5 amplifaya ikiwa inafanya kazi, punguza sauti au badilisha betri.

Sauti ikikatika kwenye vilele na kurudi, chukua mita, iweke kwenye volti, na pima sehemu mbili mtu akiwa anaongea kwa nguvu: kwenye ncha za betri, kisha kwenye skrubu za umeme za amplifaya. Betri ikisoma 12.3 na amplifaya ikasoma 10.8, kosa liko kati yao: klipu za mamba zilizopata kutu, kishika fyuzi kilichoyeyuka, au waya mwembamba. Zote mbili zikishuka pamoja, betri imechoka. Zisiposhuka hata kidogo na sauti bado inakatika, rudi nyuma ya honi uhesabu ohmu upya, na ukigusa bati la kupoozea likakuchoma kabla hujahesabu mpaka tatu, jibu umeshalipata.